Mgombea mwenza: kura anazoleta na mpaka anaourithi

Machi 2025, Malawi ilitoa amri ya kuzuia kwa muda bidhaa kadhaa kutoka nje, zikiwamo mchele, unga wa mahindi, tangawizi na ndizi. Lilongwe ilisema inawalinda wazalishaji wake. Kwa wafanyabiashara wa Kyela na Rungwe, maana yake ilikuwa rahisi: soko la ng'ambo ya daraja la Songwe limefungwa. Aprili, Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka Malawi, na pande mbili zikalazimika kukaa mezani kabla njia haijafunguliwa tena.

Waziri wa Biashara wa Malawi wakati huo alikuwa Vitumbiko Mumba. Julai mwaka huohuo, Rais Lazarus Chakwera alimtangaza kuwa mgombea mwenza wake katika uchaguzi wa Septemba 16. Waziri aliyehusika na amri ya Machi alikuwa sasa anaomba kuwa mtu wa pili wa nchi, hatua moja tu kutoka kiti chenyewe.

Upande wa pili, Peter Mutharika alifanya uteuzi uliowashangaza wengi zaidi. Alimchukua Jane Ansah, mwanamke aliyekuwa mwenyekiti wa tume ya uchaguzi mwaka 2019. Matokeo ya uchaguzi huo yalifutwa na mahakama Februari 2020, baada ya miezi ya maandamano ambayo moja ya madai yake makuu lilikuwa Ansah aondoke. Alijiuzulu Mei 2020. Miaka mitano baadaye jina lake lilikuwa kwenye tiketi.

Kama wapiga kura wangekuwa wanachagua kwa kumtazama mgombea mwenza, Mutharika angeadhibiwa vikali. Alishinda kwa asilimia 56.8. Chakwera aliambulia 33. Foleni za mafuta, uhaba wa dola na bei za vyakula vilivyopanda kwa miaka mitatu mfululizo vilizungumza kwa sauti kubwa kuliko majina mawili ya chini. Mumba hakuiokoa tiketi yake, na Ansah hakuizamisha ya kwake.

Je, basi kelele zote zinazopigwa kila uchaguzi kuhusu mgombea mwenza ni bure? Si bure. Ila mara nyingi zinapigwa mahali pasipo penyewe.

Mwenye mtaji na mwenye jina

Mfanyabiashara anajua tofauti ya washirika wawili. Yupo anayeingia dukani na mtaji wake, na yupo anayeingia na jina la ukoo tu, akiamini wateja watamfuata kwa sababu ni mtoto wa kijiji. Wagombea wenza nao wako hivyo.

Malawi hiyohiyo ilionyesha mfano wa kwanza mwaka 2020. Katika uchaguzi wa 2019 uliofutwa, Chakwera alitangazwa kupata asilimia 35.4 na Saulos Chilima, aliyegombea peke yake kwa chama cha UTM, asilimia 20.2. Mahakama ilipoamuru uchaguzi urudiwe na mshindi apate zaidi ya nusu ya kura, Chilima alikubali kushuka na kuwa mgombea mwenza wa Chakwera. Juni 23, 2020, tiketi hiyo ilipata asilimia 58.6. Hesabu ilikuwa karibu ya kujumlisha: kikapu kimoja kumiminwa ndani ya kingine, na cha juu kikafurika kidogo.

Chilima alikuja na wapiga kura waliokwisha kumpigia yeye, kwa jina lake, na waliojua njia ya kituo cha kura. Alipofariki katika ajali ya ndege Juni 10, 2024, haikuchukua muda UTM kujitoa kwenye muungano. Chakwera aliingia 2025 bila mtaji ule, na namba zake zikarudi chini hata ya pale alipokuwa kabla ya ushirika.

Kenya ina mfano kama huo. Mwaka 2007 William Ruto alikuwa upande wa Raila Odinga, na Bonde la Ufa likampa Raila kura zake. Mwaka 2013, Ruto akiwa mgombea mwenza wa Uhuru Kenyatta, ngome yake ndani ya eneo hilo ilihama naye. Uhuru alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07. Ukiondoa kura za Ruto kwenye hesabu hiyo, hakuna ushindi wa duru ya kwanza.

Kwa mwenye jina tupu, mtu anaweza kutazama Zambia ya 2016, uchaguzi wa kwanza wa nchi hiyo wenye tiketi ya wawili. Hakainde Hichilema alimchukua Geoffrey Mwamba, waziri wa zamani aliyehama chama tawala, mbunge wa Kasama, kwa matumaini kwamba angefungua kaskazini. Kaskazini ilibaki na Edgar Lungu. Hichilema alishindwa kwa asilimia 47.6 dhidi ya 50.35, na ingawa alikwenda mahakamani kupinga matokeo, kura za mkoa wa mgombea mwenza wake hazikuwa na utata: hazikuja.

Mlima haukusubiri jina

Lakini uteuzi uliozungumzwa kuliko yote katika eneo hili ni ule wa Kenya wa Mei 2022, na ndio wenye mafunzo mengi zaidi.

Jumapili, Mei 15, Ruto alimtangaza Rigathi Gachagua, mbunge wa Mathira wa muhula wa kwanza, kutoka Nyeri. Siku iliyofuata, pale KICC Nairobi, Raila alimtangaza Martha Karua wa Kirinyaga, waziri wa zamani wa Sheria, mwanamke wa kwanza kuwa mgombea mwenza wa tiketi kubwa nchini humo. Wote wawili wanatoka Mlima Kenya. Hiyo haikuwa bahati. Kwa mara ya kwanza tangu 1992 hapakuwa na mgombea mkuu wa urais kutoka eneo hilo, na kila kambi iliamini kwamba anayeshika mlima anashika Ikulu.

Uteuzi wa Karua ulileta msisimko wa kweli. Kura za maoni kadhaa za wiki zilizofuata zilimweka Raila mbele. Katika mdahalo wa wagombea wenza wa Julai 19, alisimama na Gachagua jukwaani, na waliokuwa wakimsifu kwa hoja hawakuwa wafuasi wake peke yao. Magazeti yaliandika juu ya kura za wanawake, juu ya kura za waliochoshwa na ufisadi.

Agosti 9 ikafika. Kirinyaga, nyumbani kwa Karua, ilimpa Ruto zaidi ya kura nne katika kila tano. Nyeri ya Gachagua ilimpa Ruto karibu kiasi hichohicho. Kaunti moja ilikuwa na binti yake kwenye tiketi ya Raila, nyingine ilikuwa na mwanawe kwenye tiketi ya Ruto, na zote mbili zilipiga kura kana kwamba hakuna tofauti.

Sababu haikuwa siri kwa mtu yeyote aliyepita Karatina au Kagio na gari la viazi mwaka huo. Mlima ulikuwa umehama kabla ya Mei. Hasira juu ya maridhiano ya Uhuru na Raila ya Machi 2018, hali ngumu ya uchumi, bei ya mbolea, na kauli ya Ruto kuhusu mama mboga na mtu wa bodaboda zilikuwa zimefanya kazi kwa miaka minne. Karua aliletwa kuvuna shamba ambalo mwingine alikuwa ameshalipalilia. Tena, historia yake nyumbani ilitoa onyo ambalo halikusikilizwa: mwaka 2013 aligombea urais na hakufikisha kura 50,000 nchi nzima, na mwaka 2017 alishindwa ugavana wa Kirinyaga na Anne Waiguru. Alikuwa na heshima ya taifa. Heshima na kura ni vitu viwili.

Ni haki kusema upande wa pili pia. Raila alipata sehemu ya kura za mlima kubwa kuliko alivyowahi kupata akishindana na Uhuru. Ila wakati huu Uhuru mwenyewe, akiwa rais, alikuwa anampigia debe, na hakuna mzani unaoweza kutenganisha kilo za Uhuru na kilo za Karua.

Kuna hesabu nyingine inayosahauliwa: bei ya kumwacha mtu. Kalonzo Musyoka alikuwa mgombea mwenza wa Raila mwaka 2013 na 2017, na alitarajia kuwa tena. Siku Karua alipotangazwa, Kalonzo alitangaza atagombea urais peke yake. Alirudi mwanzoni mwa Juni, lakini ari ya Ukambani haikurudi yote. Raila alishinda Machakos, Kitui na Makueni, ila kwa asilimia ndogo kuliko 2017. Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930. Pengo ni kura 233,211. Katika uchaguzi wa namna hiyo, mtu aliyenuna nyumbani kwa wiki mbili na nusu ni gharama.

Ruto naye aliacha mtu. Iliripotiwa sana wakati ule kwamba wengi wa viongozi wa muungano wake kutoka mlimani walimtaka Kithure Kindiki wa Tharaka Nithi. Ruto alichukua aliyeamini atamsaidia kupambana mashinani. Kindiki alimeza, akatulia.

Wapiga kura wanamsoma nani?

Wamarekani wamelipima jambo hili kwa miaka mingi kwa sababu wana tiketi za wawili tangu zamani. Christopher Devine na Kyle Kopko, wasomi waliochambua chaguzi za huko, wanasema mgombea mwenza haongezi kura nyingi hata jimboni kwake. Kinachosogeza watu kidogo ni namna uteuzi unavyowaonyesha mgombea mkuu ni mtu wa aina gani: ana busara, anaogopa kivuli, au anakusanya watu wa kumpigia makofi.

Jambo hilo linasomeka vizuri huku pia. Uteuzi wa Gachagua uliwaambia watu wa Nyeri na Murang'a kwamba Ruto anataka mtu wa vita vya mashinani. Uteuzi wa Ansah uliwaambia Wamalawi kwamba Mutharika hajutii 2019, na wengi, wakiwa kwenye foleni ya petroli, waliona hilo si tatizo lao la leo.

Tanzania hali ni tofauti kidogo. Katiba inataka rais na makamu watoke pande mbili za Muungano, kwa hiyo nusu ya swali inajibiwa na sheria kabla chama hakijakaa. Mwaka 2015 CCM ilimsimamisha John Magufuli na Samia Suluhu Hassan kutoka Zanzibar, aliyekuwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba. Upinzani ulimsimamisha Edward Lowassa na Juma Duni Haji, ambaye alilazimika kuhama CUF na kuingia CHADEMA ili tiketi iwe ya chama kimoja. Katika kampeni zile watu walibishana kuhusu Magufuli na Lowassa usiku na mchana. Kuhusu Samia na Duni, mabishano yalikuwa machache. Uchaguzi wa Oktoba 2025 hauwezi kutumika kama kipimo cha mgombea mwenza. CHADEMA haikuwamo kwenye karatasi, na nchi ilikuwa na mambo mazito zaidi ya kuhesabu.

Uganda, Rwanda na DRC hazina kabisa tiketi ya wawili. Mwenye mzigo Mutukula au Kasumbalesa hana jina la pili la kutazama.

Aliyekuwa wa pili akawa wa kwanza

Hapa ndipo mtu wa mpakani anapaswa kusogeza kiti karibu. Kura za mgombea mwenza zinaweza kuwa chache, lakini katika nchi nne kati ya hizi yeye ndiye anayerithi kiti chote bila uchaguzi mwingine. Katiba ya Kenya inasema hivyo, ya Tanzania inasema hivyo, ya Malawi pia. Zambia iliingiza utaratibu huo mwaka 2016 baada ya kulazimika kuitisha uchaguzi mara mbili, mwaka 2008 na 2015, kwa sababu rais alifariki madarakani.

Malawi ilipitia hilo Aprili 2012. Bingu wa Mutharika alifariki ghafla, na Joyce Banda, aliyekuwa mgombea mwenza wake mwaka 2009 na baadaye kufukuzwa chamani, akaapishwa kuwa rais. Mwezi mmoja baadaye kwacha ilishushwa thamani, kutoka takriban 168 hadi 250 kwa dola moja. Mtu wa Songwe aliyelala na kwacha mfukoni aliamka na theluthi moja ya thamani yake imeondoka. Wapiga kura wa 2009 walimchagua Bingu, na Bingu kwa miaka yake yote alikataa kuishusha kwacha kiasi hicho. Aliyeishusha ni jina la pili.

Namanga na Holili nako wanakumbuka. Mwaka 2017 serikali ya Tanzania ilipiga mnada ng'ombe 1,325 wa wafugaji wa Kenya na kuteketeza vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kupitia Namanga. Mwaka 2020 madereva wa malori walikaa siku nyingi mpakani kwa mvutano wa vipimo vya korona, na mwezi Agosti ndege za Kenya Airways zikazuiwa. Machi 5, 2021, Kenya nayo ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kabla ya kulegeza kwa masharti siku chache baadaye.

Machi 17 Magufuli alifariki. Machi 19 Samia aliapishwa. Mwanzoni mwa Mei alikuwa Nairobi, akahutubia Bunge la Kenya, na yeye na Uhuru wakawaagiza mawaziri wao kukaa na kuondoa vikwazo kimoja baada ya kingine. Mauzo ya Tanzania kwenda Kenya yalipanda sana mwaka huo, mahindi yakiwa mbele. Sheria za Jumuiya zilikuwa zilezile, na maofisa wa forodha wengi walikuwa walewale. Kilichobadilika kilikuwa juu.

Isichukuliwe kwamba mabadiliko ya mtu mmoja ni dawa ya kudumu. Serikali hiyohiyo ya Samia ilitoa amri ya Julai 2025 inayowazuia wasio raia kufanya biashara 15, ikiwamo kununua mazao shambani. Mkenya aliyezoea kwenda hadi kijijini kununua vitunguu sasa anamtegemea dalali wa Kitanzania.

Kuelekea Agosti 2027

Kenya inapiga kura Agosti 10, 2027, na mazungumzo ya jina la pili yalianza mapema kuliko kawaida, kwa sababu jina la pili la 2022 limeshavunjika. Oktoba 8, 2024, wabunge 281 walipiga kura kumwondoa Gachagua. Oktoba 17 Seneti ikathibitisha. Novemba 1 Kindiki, yule aliyeachwa mwaka 2022, akaapishwa kuwa Naibu Rais. Gachagua alianzisha chama chake cha DCP Mei 2025 na anazunguka mlimani akidai kwamba kura zile zilikuwa zake.

Dai hilo ndilo linaloweza kupimwa. Kama matokeo ya Nyeri na Kirinyaga ya 2022 yalitokana na Ruto mwenyewe na kauli yake, basi kuondoka kwa Gachagua hakuna uzito mkubwa. Kama Gachagua amejenga kikapu chake tangu alipoondolewa, kwa huruma na hasira za watu, basi ameshakuwa kitu ambacho hakuwa mwaka 2022: mtu wa mtaji. Ndani ya ODM, baada ya kifo cha Raila Oktoba 2025, wapo wanaotaka nafasi ya mgombea mwenza kama malipo ya chama kuunga mkono serikali. Ruto akimbakisha Kindiki, ataonekana analinda mashariki ya mlima. Akimwacha, atakuwa anamwacha mtu huyohuyo mara ya pili.

Mwenye mzigo wa kupita Busia, Taveta au Isebania ana maswali yake kwa kila jina litakalotajwa, na hayahusu kabila. Akiwa waziri, aliwahi kusaini amri gani ya kuzuia bidhaa, na aliiondoa baada ya siku ngapi? Eneo analotoka linauza mahindi au linanunua? Mwaka wa ukame, wakulima wake watamtaka afunge mpaka au aufungue? Mumba alikuwa na majibu ya maswali hayo kwenye faili tangu Machi. Ni wachache nje ya Songwe waliolifungua.